Pedi za breki za mbele zinaisha haraka mno, nimebadilisha na bado. Tatizo ni nini?

Msambaa wa Soni

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mafundi na wenye uzoefu mliomo humu.

Nina Probox ya 2006, automatiki. Kazi yake mbogamboga: napakia kabichi na karoti huku Soni na Lushoto, nashusha Mombo barabara kuu, narudi juu na bidhaa za dukani. Pedi za mbele nilifunga mpya kabla ya Krismasi. Pasaka haijafika, nasikia chuma kinasaga chuma upande wa kulia. Zile za kabla ya hizi nazo zilikwenda hivyohivyo. Jirani yangu ana gari kama hili, anafanyia kazi Korogwe tambarare, za kwake zinavuka mwaka.

Fundi anasema nimeuziwa feki. Muuza spea anasema fundi ndiye hajui kufunga. Wanarushiana mpira na mimi ndiye ninayelipa.

Dalili nyingine: gari linavuta kulia hata nikiwa sijagusa breki. Rimu ya kulia mbele ina vumbi jeusi kuliko nyingine zote. Handbreki nayo navuta mpaka juu kabisa ndiyo inashika.

Sitaki kununua pedi nyingine kabla sijajua zinaliwa na nini. Natanguliza shukrani.

Pancha Moja

Mkuu punguza kabichi 😂 Probox siyo fuso.

Kijana wa Gerezani

Feki hizo, usihangaike. Siku hizi boksi lina nembo, lina stika, lina kila kitu, ndani kuna pedi ngumu kama jiwe au laini kama chaki. Ile laini inaisha haraka, ile ngumu inakula diski, lile bamba la chuma linalozunguka na tairi. Nunua zile zilizotoka na gari la Japani, mtumba wake ni bora kuliko mpya ya hapa.

Grisi Nyeusi

Kijana wa Gerezani, feki zipo, wala sibishi. Lakini pedi feki ingeisha kulia na kushoto pamoja, maana boksi ni moja. Huyu bwana kasema kulia ndiko kunakosaga, kulia ndiko kwenye vumbi, na gari linavuta kulia bila kukanyaga. Hapo pedi inasingiziwa. Kuna kitu upande ule hakiachii.

Mleta uzi, zile pedi za zamani unazo? Kama fundi hajazitupa, ziangalie kabla ya kitu kingine chochote. Pedi iliyokwisha ni ushahidi, na mafundi wengi wanaitupa kwenye ndoo bila kuisoma. Nijibu haya:

Ya ndani na ya nje zimelingana? Moja moja imeisha sawasawa au imeisha kwa mshazari, upande mmoja nene na mwingine nyembamba? Na za kushoto zimebaki kiasi gani?

Msambaa wa Soni

Grisi Nyeusi shikamoo kaka. Leo tumefungua. Kulia, pedi ya ndani imekwisha hadi bati, ya nje bado ina unene kama nusu. Kushoto zote mbili zinafanana, zimebaki kama milimita 4. Diski ya kulia imechimbika mistari upande wa ndani.

Grisi Nyeusi

Marahaba. Sasa tumeshafika mahali.

Kalipa ya gari lako, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni moja tu, iko upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta ile ya nje. Ukiachia, ile raba ya mviringo iliyoko ndani ya silinda inairudisha pistoni nyuma kidogo sana, kiasi cha pedi kutoegemea diski. Sasa pini zikikauka, kalipa haitelezi, ya ndani inafanya kazi ya watu wawili. Pistoni ikishika kutu, hairudi, na pedi ya ndani inasuguliwa tangu unawasha gari mpaka unalizima. Kwa maelezo yako naona dalili za vyote viwili.

Na hapa ndipo pedi mpya zinapoliwa. Fundi akifunga pedi anafungua bolti ya chini, anainua kalipa, anairudisha pistoni kwa C-klempu au kwa bisibisi, anachomeka pedi, anafunga, anachukua hela. Pini hajazichomoa wala hajaangalia raba ya vumbi, ile inayoikinga pistoni. Ile pistoni iliyokuwa imetokeza nje miezi yote, ikala tope na ukungu wa Lushoto, anairudisha ndani na kutu yake. Kwa siku chache breki ni nzuri, kisha mchezo unaanza upya.

Fanya hivi. Piga jeki mbele kulia, weka kigogo au stendi, usiamini jeki peke yake. Chomoa pini zote mbili. Zinatakiwa zitoke kwa mkono. Inayogoma isafishe kwa msasa laini, kama imechimbika badilisha. Paka grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki, usipake grisi ya beringi. Grisi ya petroli inavimbisha raba na pini itakwama kuliko mwanzo.

Rudishia, mtu akanyage breki mara kadhaa na aachie, kisha zungusha tairi kwa mkono. Likiwa bado zito, fungua kidogo nipeli ya kalipa, ile ya kutolea upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Tairi likilegea ghafla, presha imenaswa: ama mpira wa breki umeoza kwa ndani na kuziba, ama masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, hairudi. Lisipolegea, pistoni ndiyo imeshika. Ukimaliza hakikisha upepo wote umetoka.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba niongeze kitu kuhusu ule mlima, maana tusiulaumu wala tusiusahau.

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko kama mita 400. Gari na mzigo vikiwa tani moja na nusu, kushuka mita 1,000 ni nishati ya karibu megajuli 15. Ikigeuka yote kuwa joto, inatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya bomba. Sehemu yake inachukuliwa na upepo, matairi na injini. Ukishuka na gia ya juu, injini inachukua kidogo, na karibu yote inayobaki inaishia kwenye diski mbili za mbele na dramu mbili za nyuma, yale makopo ya chuma yenye breki ndani yake. Kwa hiyo yule jirani wa Korogwe si wa kujilinganisha naye.

Tena angalia mafuta ya breki. Yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya kiwango chake ni kuanzia nyuzi 205 ndipo ichemke, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka kwenye kona za juu ya Mombo, pedali inazama na huna breki.

Dereva Mstaafu

Mwalimu umesema vizuri. Sisi tulifundishwa neno moja: mlima unaushuka na gia ile uliyoupandia. Automatiki ina 2 na L, hazikuwekwa pale kama pambo. Weka 2, acha injini inung'unike, haiumii. Breki kanyaga kwa nguvu upunguze mwendo, kisha achia kabisa zipoe. Vijana wanaegesha mguu juu ya pedali kutoka Soni mpaka chini, unaipita gari unanusa harufu. Wengine wanapiga frii eti wanaokoa mafuta. Hao sina la kuwaambia.

Mama Kiki

Jamani mbona hamjagusa handbreki? Kaka kasema inapanda mpaka juu. Langu IST lilikuwa hivyohivyo. Nyuma ni dramu, kile kiajasta cha kusogeza breki shuu (zile zinazosugua dramu kwa ndani) kilishika kutu, shuu zikawa mbali na dramu, breki za nyuma zipo kwa jina tu. Mbele ikabeba kila kitu. Fundi mmoja akanikazia waya wa handbreki, ikashika chini vizuri nikafurahi, kumbe kaficha tatizo. Ajasta ndiyo ianze, waya baadaye.

Grisi Nyeusi

Dada umenipiku, hilo nililipita. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana hata zile za kushoto zimebaki 4 tu. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Kwa hiyo kuna mawili hapa: kulia kuna mgonjwa, na mbele kote kuna mzigo wa nyuma.

Msambaa wa Soni

Wakuu nimerudi. Pini ya chini ilitoka kwa nyundo, imekauka kabisa. Tumesafisha, tumepaka grisi ya silikoni, tairi likabaki zito. Tumefungua nipeli, hakuna mabadiliko. Raba ya vumbi imechanika, pistoni ina kutu yenye vishimo. Nyuma dramu zimejaa unga, ajasta zote mbili hazizunguki, tumezisafisha na handbreki sasa inashika vizuri.

Swali: ninunue raba tu, au kalipa nzima? Na ile diski nichonge?

Grisi Nyeusi

Vishimo vikiwa pale raba inapopita, raba mpya haitakusaidia, itavuja au itakwama tena. Kama silinda ya kalipa ni safi, nunua pistoni na seti ya raba. Kama nayo imeliwa, kalipa nzima.

Diski: tafuta maandishi ya MIN TH pembeni au kwenye kitovu chake, huo ndio unene wa mwisho. Pima. Ikichongwa na kubaki juu ya hapo, sawa. Vinginevyo nunua mbili, kulia na kushoto. Usiweke pedi mpya kwenye diski yenye mistari, itaikwangua kama mbuzi inavyokuna nazi. Na pedi badilisha pande zote mbili, usifunge mpya kulia na kuacha za zamani kushoto.

Pancha Moja

Nafuta kauli yangu ya kabichi.

Msambaa wa Soni

Silinda nayo imeliwa, kwa hiyo nimechukua kalipa ya mtumba Tanga mjini. Raba safi, pistoni inaingia laini. Ila fundi akiishika pale kwenye gari, nipeli inaangalia chini, ya zamani ilikuwa inaangalia juu. Muuzaji anasema haina shida, bolti zinaingia.

Grisi Nyeusi

Amekupa ya kushoto. Bolti zitaingia ndiyo, lakini upepo unakaa juu, na nipeli ikiwa chini hautatoka hata mkikanyaga mpaka usiku. Kairudishe akupe ya kulia, na kabla hujaondoka dukani ishike wima kama itakavyokaa kwenye gari.