Nimelipia kozi ya Kipolandi "kuanzia sifuri", nimekuta darasa la watu wanaokijua nusu

Ndugu wanajukwaa, hasa mnaoishi Poland na mnaojiandaa kuja huku,

Hasira hii ninayo tangu kozi ilipoanza, na leo naitoa, kwa sababu juzi jioni mwalimu wangu wa Kipolandi alinitamkia mbele ya darasa la watu 14 kwamba hesabu inanisumbua kwa kuwa "lugha za kwenu hazina mambo kama haya". Tulikuwa kwenye namba mbili tu. Aliandika ubaoni dwa bilety, dwie kawy na dwóch panów, yaani tiketi mbili, kahawa mbili na mabwana wawili, kisha akageuka na kutueleza kwa Kiingereza, polepole kama anayemwonya mtoto kwamba jiko lina moto, kuwa kwa Kipolandi neno la kuhesabia hubadilika kufuatana na kinachohesabiwa. Mimi ambaye tangu nianze kusema nasema watu wawili, vitabu viwili na mayai mawili, niliinua mkono nikamwambia kwamba hilo kwetu si jipya, na kwamba ninachohitaji ni kuonyeshwa umbo lipi linakwenda na nomino zipi. Jibu lake ndilo hilo nililolinukuu hapo juu. Mwenzangu kutoka Zimbabwe, ambaye Kishona chake kina ngeli kama Kiswahili, alicheka kwa uchungu hadi akafunga daftari.

Nataka nieleweke vizuri. Silalamiki kwamba Kipolandi ni kigumu, kwa maana nilijua ni kigumu kabla sijatoa ada. Ninacholalamikia ni kuuziwa kozi ya watu wazima wanaoanza, wakati anayefundisha hana habari na kile ambacho mtu mzima anakuja nacho kichwani.

Katika watu 14 tuliomo, tisa wanatoka Ukraine na Belarus. Sina ugomvi nao hata kidogo. Wengine wamekimbia vita, na ni watu wakarimu wanaotugawia maelezo yao wakati wa mapumziko. Lakini lugha zao na Kipolandi ni ndugu wa tumbo moja. Mkate ambao Mpolandi anauita chleb wao wanauita karibu vivyo hivyo, na yale maumbo saba ya nomino ambayo kwa Kipolandi huitwa przypadki, Kiukraine nacho kinayo saba. Kuwaweka wao na mimi katika darasa la "sifuri" ni sawa na kumketisha Msukuma na Mkorea kwenye dawati moja la Kiswahili cha mwanzo, halafu ukashangaa kwa nini Mkorea yuko nyuma. Kufikia wiki ya tatu mwalimu alikuwa anakwenda kwa mwendo wa wale tisa, anatania nao, anaruka kurasa, na sisi watano tuliobaki tunanakili majedwali tusiyoelewa yanatumika wapi. Nilipouliza ofisini kama kuna kundi jingine, nilijibiwa kwamba makundi hupangwa kwa kiwango, si kwa lugha ya mtu, na kwamba jaribio la kupima kiwango lilionyesha sote tuko sifuri. Jaribio lenyewe lilikuwa la kuandika. Wale wenzetu walipata sifuri kwa sababu wamezoea herufi za Kisirili, zile za kuandikia Kiukraine na Kirusi, lakini ukiwasemesha wanakujibu!

Jambo la pili ni kufundishwa Kipolandi kwa mgongo wa Kiingereza. Kila kitu kinapitishwa huko, hata kile ambacho Kiingereza hakina. Tuchukue kupować na kupić, vitenzi viwili vya "kununua", kimoja cha tendo linaloendelea au kurudiwa na kingine cha tendo lililokamilika. Tulitumia jioni mbili kwenye majina ya nyakati za Kiingereza, na mwisho hakuna aliyeelewa. Siku niliyojifungia chumbani na kujiambia "nilikuwa nanunua" na "nimeshanunua", mlango ukafunguka, ingawa najua si mara zote zitalingana. Vivyo hivyo kwa mahali. Dom ni nyumba, w domu ni nyumbani. Szkoła ni shule, w szkole ni shuleni. Mtu aliyekua na kiambishi -ni haoni ajabu nomino kubadilika mwishoni inapotaja mahali, ila hakuna aliyemwambia kwamba ujuzi huo anao. Hata mkazo, ambao Wahindi wawili wa darasani wanahangaika nao, kwa Kipolandi huwekwa kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pale pale tunapouweka sisi. Miezi miwili, hakuna aliyenieleza hilo. Nililigundua kwenye tramu nikisikiliza majina ya vituo.

Kuna sehemu ambapo kweli nilihitaji mwalimu, na sikumpata. Sikio langu lina sh moja, Kipolandi kina mbili, na tofauti yake si ya mapambo. Proszę ni "tafadhali", prosię ni mtoto wa nguruwe. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiagiza mkate kwa kumtaja mtoto wa nguruwe, na mwalimu, badala ya kunionyesha ulimi unakaa wapi, alikuwa anacheka na kusema "inapendeza". Aliyenionyesha ni dereva wa foklifti kazini kwetu. Alinivuta kando ya mashine ya kahawa, akaniambia kwa ile ya proszę niukunje ulimi nyuma kidogo kama ninayetaka kunyamazisha watu, na kwa ile ya prosię niutandaze hadi ugusane na paa la kinywa huku nikitabasamu. Dakika tano, bila ada.

Halafu kuna suala la adabu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Somo la kwanza kabisa tulifundishwa kusalimia kwa cześć, na kwa miezi miwili mazungumzo yote ya kitabu ni ya vijana wanaoitana "wewe". Nikatoka darasani na furaha yangu, nikakutana kwenye ngazi na bibi wa ghorofa ya tatu, mtu wa umri wa kunizaa mara mbili, amebeba mfuko wa viazi. Nikamwambia "Cześć!" kwa sauti ya kuchangamka. Alisimama, akaweka mfuko chini, akanitazama, akauokota na kupanda bila kujibu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mtu mzima usiyemzoea husalimiwa dzień dobry, na husemeshwa kwa pan au pani, kitenzi kikiwa katika nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine aliyeko. Ndugu zangu, nimelelewa katika nyumba ambayo usipoamkia shikamoo hupewi chai. Kama kuna mtu ambaye angelielewa hili kwa sekunde moja ni mimi, na nililipa pesa ili nifundishwe kumwambia bibi wa watu "mambo!".

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba naishi Łódź, mji ambao tangu 1952 una kituo cha chuo kikuu cha kuwafundisha wageni Kipolandi, na Waafrika wengi wamepitia hapo kabla ya kuingia vyuo vikuu vya nchi hii. Sikusoma hapo na simlaumu yeyote wa hapo. Zamu zangu za bohari haziruhusu masomo ya mchana, ndiyo maana nikaangukia shule binafsi ya jioni. Ila mtu hawezi kuniambia kwamba katika mji huu hakuna anayejua namna ya kumfundisha asiye Mslavi, yaani asiyezaliwa na lugha ya ukoo mmoja na Kipolandi.

Na tahadhari kwa wanaotafuta hati. Tangazo la shule yetu liliahidi "cheti cha B1", yaani cha kiwango cha kati cha lugha. Cheti hicho ni karatasi ya shule yenyewe. Kwa anayeomba uraia, au kibali cha ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, kinachotakiwa ni cheti cha serikali, kinachopatikana kwa mtihani wa tume ya serikali unaofanyika tangu 2004, au kuwa umehitimu masomo katika shule au chuo cha Kipolandi. Mtihani una sehemu tano: kusikiliza, kusoma, sarufi, kuandika na kuzungumza, na kwa B1 unatakiwa kufikisha angalau asilimia 50 katika kila sehemu, hivyo ukianguka kwenye kuzungumza, alama nzuri za sarufi hazikuokoi. Sisi katika dakika 90 za somo, nimehesabu, mimi nafungua kinywa mara tatu au nne.

Nimeandika barua kudai ada ya miezi iliyobaki. Nimejibiwa kwamba mkataba haurudishi pesa baada ya kipindi cha pili, na kweli kifungu kipo, ukurasa wa nne, kwa Kipolandi, lugha ambayo siku ya kutia saini sikuijua na ndiyo niliyokwenda kujifunza.

Ninaomba mambo mawili kwenu. Kwanza, aliyewahi kudai ada ya kozi huku na kufanikiwa aeleze alianzia ofisi gani. Pili, kama kuna anayemfahamu mwalimu wa jioni au wa mtandaoni anayefundisha kundi la wasio Waslavi na anayeanza na pan na pani, aniandikie faraghani. Tuko watano, mimi na wenzangu wanne, na Mzimbabwe amesema atalipa hata mara mbili.