Mwisho wa mbizi naelea kama kifuu, niongeze risasi za uzito kiunoni?

Mgeni wa Mbudya: Wakuu, salaam. Mafunzo nimefanyia bwawani, maji yasiyo na chumvi, na kilo 4 za risasi zilinitosha. Kwenye mwamba wa kisiwa cha Mbudya, Dar, na suti ya milimita 3 na mtungi wa alumini wa lita 11, nimefika kilo 6. Kushuka hakuna tabu, ila presha ya mtungi ikibaki baa 60, nikisimama mita 5 zile dakika 3 za usalama, sishikiki, napanda tu. Tatizo pumzi, jaketi la hewa la kuelea au risasi?

Kusi Kaskazi: Weka 10, mambo kwisha.

Fundi Mitungi: Mkuu hapo juu, usimpoteze mwenzio. Risasi zikizidi atajaza jaketi hewa kufidia, ataning'inia miguu chini na mapezi yatavunja matumbawe. Na ile ni hifadhi.

Mgeni, hewa ina uzito, gramu 1.2 hivi kwa lita. Ukitumia baa 150 za mtungi wa lita 11 umetoa lita 1,650, karibu kilo 2. Mtungi uliokuvuta chini mwanzoni sasa unakuvuta juu. Suti nayo hubanwa kina kirefu, ukikaribia juu inavimba tena. Ndiyo maana kwenye mita 15 kila mtu mtaalamu wa kutulia.

Kwa hiyo usipime na mtungi uliojaa. Pima ukirudi, baa 50, kando ya boti. Toa hewa yote ya jaketi, kaa wima, mapezi yatulie, pumua kawaida. Maji yakikufika usawa wa macho na ukitoa pumzi ukazama taratibu, basi. Kifua kikiwa nje, ongeza kilo 1, upime tena.

Pweza Tisa: Kabla ya kuongeza, angalia jaketi. Ukilala kifudifudi hewa inajificha mabegani, unabonyeza kitufe na haitoki. Simama wima, nyanyua hosi ya kushoto juu ya kichwa, ndipo ubonyeze. Pumzi kubwa za wasiwasi nazo zinainua, ila usizibane kamwe: hewa ya mita 10 ikifika juu huwa mara mbili, na mapafu hayavumilii.

Mgeni wa Mbudya: Nikiacha suti je?

Fundi Mitungi: Msimu wa kaskazi, maji ya moto, inawezekana. Punguza kilo 1 au 2, kisha pima upya. Nenda maji mafu, bahari isipojaa na kupwa sana. Bamvua, inapojaa na kupwa sana, mkondo utakusumbua hata kipimo hutakiamini.