Tivi boksi ya "GB 128" niliyouziwa Darajani ni GB 8. Huu ni wizi!

Assalaam alaykum. Siku ya nne leo silali vizuri kwa hasira, na nasema.

Mamangu hatembei tangu Ramadhani iliyopita. Yuko kitandani chumba cha mbele, na anachokitaka ni kimoja tu: kuiona Makka mubashara, watu wakitufu. Tivi yetu ina tundu la HDMI lakini intaneti haina. Nikaenda Darajani, hapa Unguja, nikanunua hizi tivi boksi ndogo za Android, zinazochomekwa kwenye tivi ili ipate intaneti, laki na thelathini taslimu. Kashani pameandikwa 4K (yaani picha safi kabisa), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, hifadhi GB 128. Muuzaji kaniambia, "Dada, ukiifunga hii umemaliza. Chaneli zote bure, filamu zote bure."

Siku ya pili picha ikaanza kuganda. Kiduara kinazunguka katikati ya kioo, mama anatazama, ananiuliza, "Wameshamaliza kutufu?" Nazima, nawasha, kinarudi kile kile.

Nikasema nimwekee darsa kutoka kwenye flashi. Kwenye mipangilio inasoma GB 128, lakini hata GB 5 hazijatimia inakataa, imejaa. Mpwa wangu anatengeneza simu Mwanakwerekwe. Kaifungua kwa bisibisi mbele yangu, kasoma namba za chipu: hifadhi GB 8, RAM GB 1. Yale maandishi ya kwenye mipangilio yamechezewa. Mtu kakaa akayapanga ili nidanganyike!

Kaka naye akaingiza akaunti yake ya Netflix, anayolipia kila mwezi. Picha ukungu mtupu. Kumbe boksi isiyo na kibali cha Netflix, na Widevine yake, yaani kufuli ya kulinda video za kulipia, ikiwa ya daraja la chini, haivuki 480p, picha hafifu, hata ukiichomeka kwenye tivi ya 4K. Kwa hiyo ile "4K" ya kashani ni rangi tu.

Lakini lililonitia hofu ni bando. Nimeweka GB 20 usiku, tivi nimezima, boksi nikaiacha kwenye umeme. Asubuhi GB 6 hazipo. Mpwa wangu kuangalia, Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu mbaya, ilikuwa imezimwa tangu tunaitoa kashani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya BADBOX 2.0, virusi vinavyoingia kwenye vifaa vya namna hii, vingine vikiwa vimeshapandikizwa kabla hujanunua. Mwezi uliofuata Google ikafungua kesi, ikisema vifaa vilivyoambukizwa vinapita milioni 10. Wahalifu wanapitisha mambo yao kwenye intaneti ya nyumba yako, na bando unalipa wewe. Yangu kama ni hivyo siwezi kuapa, lakini dalili walizozitaja ninazo: jina la kampuni halijulikani, ahadi ya vya bure, ulinzi umezimwa, data inakwenda pasipo mtu kutazama kitu.

Nimerudi dukani. Kwanza kaniambia mali ikishatoka hairudi. Nilipokazana, akasema labda umeme wa kwetu ndio ulioiharibu. Umeme gani unaogeuza 128 kuwa 8? Risiti ninayo, kaandika kwa mkono wake "128GB".

Mnaotaka kununua, msikubali kasha. Mwambieni aichomeke pale pale, fungueni Play Store, sehemu ya mipangilio, Kuhusu, mtazame kama kifaa kimethibitishwa. Tieni faili kubwa mkiwa dukani. Akikataa, ondokeni.

Mie nataka pesa yangu yote, si kubadilishiwa nyengine ya aina hiyo hiyo. Jumatatu naipeleka risiti na boksi Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Aliyeuziwa kama mie anijibu hapa hapa, twende pamoja. Kasha msitupe.

Kwa sasa mama namwegeshea simu kwenye mto. Macho yake hayaoni vitu vidogo, ananiambia anasikiliza tu.