Mrejesho: Mama aliyevunjika paja juu ya goti

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tatu niliomba ushauri: mama yangu, miaka 68, aliteleza bafuni akavunjika mfupa wa paja karibu kabisa na goti. Nilikuwa nauliza tukubali upasuaji au alazwe mguu uvutwe kwa uzito ili mfupa unyooke.

Tulikubali. Daktari aliinua eksirei dirishani akatuonyesha kipande cha chini kilivyopinda kwenda nyuma. Misuli ya kigimbi ndiyo inakivuta, kwa hiyo hogo (plasta ngumu) peke yake lisingekishika. Njia zilikuwa mbili: chuma kirefu kinachoingizwa ndani ya mfupa kupitia gotini, au pleti ya ubavuni yenye skrubu zinazojifunga kwenye pleti yenyewe. Kwa kuwa ufa ulishuka hadi kwenye kiungo, na mifupa imedhoofika kwa umri, alichagua pleti. Antena, yaani vyuma vinavyoshikilia mfupa kutokea nje ya mguu, niliyoiogopa sana, alisema kwa kawaida huwekwa kwa muda tu, hasa mfupa ukitokeza nje.

Leo ni wiki ya 11. Goti linakunja hadi nyuzi 90, na limefika hapo kwa machozi. Kila asubuhi mama anakaa ukingoni mwa kitanda, kanga ameing'ata, nami nimemshika kisigino. Mwenye mgonjwa wa hivi asiache mazoezi ya goti, hata mshono ukishakauka.

Jana ameruhusiwa kukanyaga kidogo kwa woka. Akaenda mpaka mlangoni, akaita kuku wake.

Mliotuzuia tusimpeleke akakandwe, Mungu awabariki sana.