Miche ya asili: kikundi kipande, au kiache ardhi iote yenyewe?

Kisikihai (mtoa mada): Kikundi chetu cha kurudisha uoto wa asili kina bajeti moja. Iende kwenye kitalu na siku ya kupanda, au kwenye ulinzi na palizi ili uoto urudi wenyewe? Mimi nasema tusichimbe shimo hata moja kabla eneo halijapata msimu mzima wa mvua bila mifugo, moto wala panga. Kisha weka fremu ya mita 1 kwa 1 sehemu 20 tofauti, uhesabu kilichoota na spishi zake. Kisiki kilicho hai mizizi yake imeshafika kwenye unyevu. Mche wa kiriba (mfuko wa plastiki wa kitaluni) bado unautafuta. Kwenye kila kisiki acha machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka, kata mengine, ondoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, rudia kila miezi michache. Nchini Niger, kazi aliyoianza Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, mwaka 1983 kwa njia hii imeenea kwenye hekta zaidi ya milioni 5.

Bwana Kitalu: Mkuu, visiki utavitoa wapi kwenye shamba lililolimwa kwa trekta miaka 30? Hata hazina ya mbegu udongoni imekwisha. Ukizungusha uzio ukasubiri, utavuna lantana, kichaka vamizi cha kigeni. Miti ya mbegu kubwa ndiyo hairudi kabisa: inategemea ndege na wanyama wakubwa, nao hawavuki uwanda mtupu kuja kukunyia mbegu.

Miche mingi inaponzwa na kitalu kibovu. Mbegu zilizookotwa chini ya mti mmoja ni ndugu watupu. Kusanya kwenye miti 30 au zaidi iliyoachana, na usichukue zaidi ya moja ya tano ya zilizoiva. Za migunga zitie kwenye maji yaliyotoka kuchemka, ziloweke usiku kucha hadi zivimbe. Za jamii ya mzambarau ukizianika zinakufa, zisie ndani ya siku chache. Wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, punguza maji na kivuli. Siku yenyewe chana kiriba chote ukitoe, na ukate sentimita 1 au 2 za kitako cha udongo, kwa sababu hapo ndipo mizizi hujisokota. Mti uliojisokota huanguka kwa upepo miaka kadhaa baadaye, picha za uzinduzi zikiwa zimeshasahaulika.

Nyasi Ndefu: Wote wawili mnaona miti tu. Kama eneo ni mbuga ya nyasi ya asili, kupanda miti ni kuiharibu: nyasi za jua kali hazivumilii kivuli, na ndege wanaotaga chini huhama.

Tena, mti kuwa wa asili nchini hautoshi. Msizi (Maesopsis eminii) ni wa asili kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ulipopandwa Amani, Usambara Mashariki, ulivamia msitu, hondohondo wakisambaza mbegu zake.

Halafu kuna wadudu. Viwavi wengi wa vipepeo hula majani ya jamii moja au chache tu za mimea, kwa hiyo maua ya kuwanywesha wazazi bila majani ya kuwalisha watoto ni nusu ya kazi. Na acheni vipande vya udongo mtupu: nyuki wapweke wengi huchimba viota ardhini, na matandazo (nyasi au majani makavu ya kufunika udongo) kila mahali huwafungia mlango.

Mkagua Mizizi: Naongeza hatari inayosahaulika: kitalu husambaza ugonjwa. Mwaka 2012 vimelea vya Phytophthora tentaculata, vinavyoozesha mizizi, vilikutwa California kwenye kitalu cha mimea ya asili, yaani mimea iliyokusudiwa kurudishwa porini. Viriba vikae juu ya meza ya waya, visiguse ardhi; vyombo vioshwe kabla ya kurudiwa; mche ulionyauka wakati udongo una maji usipandwe.

Bwana Kitalu: Hilo la meza nakubali bila ubishi. Matandazo pia: unene sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina, la sivyo gome huoza.

Kisikihai: Basi napunguza msimamo. Fremu zikionyesha visiki na machipukizi ya spishi za hapo, hatupandi. Zikiwa tupu, tunapanda makundi madogo yaliyoachana, tukianza na miti ambayo matunda yake huvuta ndege. Ila fedha ya palizi ya miaka 3 itengwe kabla ya kununua kiriba cha kwanza. Bwana Kitalu, hilo unalipinga?

Bwana Kitalu: Silipingi. Napinga kusubiri msimu mzima pale ambapo jirani pamejaa lantana. Hapo ng'oa na upande mvua hiyohiyo.