Wazazi Kidato cha Pili: gumzo la kikundi, Kigoma mjini

ALHAMISI

Mama Zaituni, 19:12
Assalaam alaykum, habari za jioni wazazi wenzangu. Nimesoma ajenda za mkutano wa Jumamosi. Kuna madawati, kuna uzio, kuna mtihani wa upimaji. Hali za watoto wenyewe sijaziona. Naomba ziongezwe, tena ziwe za kwanza.

Baba Shabani, 19:15
Waalaykum salaam. Hali kivipi dada? Nidhamu?

Mama Zaituni, 19:21
Sio nidhamu. Mtoto anakula nini, analala saa ngapi, akielemewa anamwambia nani. Kuna kijana mtaani kwetu ameandikiwa barua kwa kusinzia darasani. Mama yake kaniletea daftari la Hisabati tukalikagua. Kurasa kadhaa mwandiko umenyooka, kazi zimeisha. Halafu zinakuja kurasa mwandiko unashuka chini ya mstari, hesabu imekatikia njiani, kalamu imejiburuza mpaka ukingoni. Baada ya hapo anakaa sawa tena. Tukaangalia tarehe. Kurasa mbovu zote ni za siku za giza.

Mzee Hamisi, 19:24
Giza ndipo mitumbwi inatoka. Kukiwa na mbalamwezi dagaa hawafuati taa, watu wanapumzika. Huyo mtoto yuko mwaloni.

Mama Zaituni, 19:26
Ndiyo babu, Kibirizi. Saa 10 alfajiri anapokea mitumbwi, anabeba mabeseni ya dagaa, saa 1 yuko mstarini shuleni. Baba yake mgonjwa tangu masika. Hela anayopata ndiyo inayonunua unga.

Baba Shabani, 19:30
Pole yao. Ila tusiwalee kama mayai. Sisi tulivua na tukasoma.

Mzee Hamisi, 19:33
Shabani mwanangu, wewe ulisoma. Wenzangu wa mtumbwi mmoja hakuna aliyefika sekondari, na walikuwa na akili.

Mama Neema (nesi), 19:41
Naongeza hapo kwa babu. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Akikosa, kumbukumbu inashuka, hasira zinapanda, anaonekana jeuri kumbe kachoka. Na kuna wengine ambao sio usingizi tu. Ukiona mtoto amejitenga, hali chakula, vitu alivyopenda amevitupa, na imepita wiki 2, msimwite mvivu. Kaeni naye. Akitamka kwamba anatamani kufa, msimwambie aache utoto. Muulizeni wazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msimwache peke yake, mleteni hospitali ya Maweni siku hiyohiyo.

Mama Semeni, 19:43
Asante sana nesi. Hili la mwisho naomba lisomwe mkutanoni, wengi hawana simu za kuona huku.

Mwl. wa malezi, 20:02
Habari za jioni wazazi, shikamoo mzee Hamisi. Nashukuru jina la kijana halijatajwa, tuendelee hivyo. Niseme ukweli wa upande wetu. Kazi ya unasihi, yaani kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, nimepewa juu ya vipindi vyangu vyote, na sina chumba. Mwanafunzi anakuja ofisi ya walimu, anakuta meza zimebanana na kila mtu anasikia. Namuuliza, "Ulikuwa na shida gani?" Anatazama huku na huku, anasema, "Nimefuata chaki, mwalimu." Anabeba chaki anaondoka. Wiki nzima inapita kabla hajarudi, wengine hawarudi kabisa.

Mama Zaituni, 20:04
Jamani 😢

Mwl. wa malezi, 20:08
Kuna stoo nyuma ya maktaba, imejaa vitabu chakavu. Ikisafishwa na kutiwa viti viwili inatosha. Ombi la pili, wanafunzi wachague wenyewe mwalimu wa kike na wa kiume wanaowaamini. Mimi nikikosa kura nitafurahi tu, muhimu wawe na wa kumfuata. Pia namba 116 ibandikwe kwenye mbao za matangazo. Ni simu ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure.

Mama Semeni, 20:15
Mwalimu, naomba na viboko tuviseme. Binti yangu anaumwa tumbo kila Jumatano asubuhi, siku ya somo moja tu.

Mwl. wa malezi, 20:19
Una haki mama. Kanuni ya mwaka 2002 iko wazi: ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi 4, binti achapwe na mwalimu wa kike, na vyote viandikwe kitabuni. Mzazi anaruhusiwa kuuliza kuhusu hicho kitabu. Kwa binti yako njoo kesho mchana tuzungumze na mkuu, usingoje Jumamosi.

Mama Semeni, 20:20
Nitakuja in shaa Allah.

Baba Shabani, 20:27
Chakula je? Ada iliondolewa 2016, lakini shule ya kutwa chakula ni sisi.

Mama Zaituni, 20:34
Hapo ndipo panaponiuma. Makande yanaiva saa 7, wasiochangiwa wanakaa chini ya mwembe wanageuzia jiko mgongo. Watoto wa miaka 14 wanajua kuficha njaa, wanajifanya wanasoma. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, 15 Mei hadi 15 Agosti, walijaa pale. Mimi nasema sahani isifuate risiti. Wote wapakuliwe, deni tudaiane wazazi.

Mzee Hamisi, 20:36
Naunga mkono. Mtoto hadaiwi.

Bibi Mwajuma, 20:40
Mie sina fedha nina mawese. Dumu moja kila mwezi nitaleta.

Mama Semeni, 20:41
Mimi dagaa. Na asiye na kitu alete kuni au aje kupika zamu.

Baba Shabani, 20:52
Sawa, wa mawese, wa dagaa, wa kuni, wote waandikwe. Sasa huyu kijana. Nawafahamu wenye mitumbwi Kibirizi. Kumzuia tu asije mwaloni ni kuwanyima unga nyumbani. Hana kaka aliyemaliza shule?

Mama Zaituni, 20:54
Anaye, yuko Gungu anabangaiza na bodaboda ya watu.

Baba Shabani, 20:55
Nitumie namba yake faragha.

IJUMAA

Baba Shabani, 11:20
Nimeongea na mwenye mtumbwi. Kaka mtu anachukua nafasi ile kuanzia usiku wa leo, malipo yaleyale. Nimemwomba pia asipokee wanafunzi wengine usiku wa shule. Kakubali kwa mtumbwi wake, wenzake nitawafuata mmojammoja.

Mama Zaituni, 11:22
Mwenyezi Mungu akulipe kaka. Barua ya kusinzia nayo ifutwe, mwalimu.

Mwl. wa malezi, 12:47
Nimeshaonana na mkuu. Haitafutwa, ila ataandika chini yake sababu na hatua zilizochukuliwa, na atamwita kijana amweleze mwenyewe. Mama Semeni, tunakusubiri saa 8.

Mwenyekiti, 13:05
Wazazi, ajenda ya kwanza sasa ni hali za watoto: chakula, chumba cha unasihi, walimu wa kuchaguliwa, viboko. Nesi atapewa dakika 20. Uzio utasubiri. Wa kusafisha stoo tukutane saa 2 asubuhi, kila mtu na fagio lake. Wazazi wa Bangwe na Katonga, orodha ya michango mpeni Mama Zaituni.