Zimwi Likiimba, Mtafsiri Anyamaze au Aendelee?

MamaWawili (Mwanga, Kigoma)
Wadau habari za jioni. Naomba tujadili hili bila matusi, maana nimetoka nalo kibandani na bado limenikaa kooni.

Likizo hii mwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea sinema, cha mtaani kwetu kaanzisha onyesho la asubuhi la familia. Jumamosi saa nne, mtoto mia tatu, mzazi mia tano, sigara marufuku. Wazo zuri, nampongeza. Leo kaweka ile katuni ya Disney ya 1991, Beauty and the Beast, ya binti wa Kifaransa anayekwenda kukaa kwenye kasri la mwanamfalme aliyegeuzwa dubwana. Wa umri wangu mnaijua, tuliiona enzi za deki. Imechorwa kwa mkono na ni ya nyimbo: mambo makubwa yote yanasemwa kwa kuimbwa.

Sasa mtafsiri wetu, yule anayetufasiria kwa maiki sinema ikiendelea, wimbo ukianza, ama anaongea juu yake ama anausogeza mbele. Pale wawili wanapocheza dansi ukumbini, birika la chai linawaimbia, jamaa kashika rimoti: "Hapa wanaimba mapenzi, twende kwenye ngumi." Nusu ya wazazi wakapiga makofi!

Swali: sinema ya nyimbo, mtafsiri ana haki ya kuruka wimbo? Auache hivyohivyo kwa Kiingereza, autafsiri, au apite?

(Halafu lile dubwana analiita "zimwi". Mwanangu wa miaka mitano tangu mchana hataki kwenda chooni peke yake.)

FundiGungu
Apite. Mtoto wa darasa la pili anaambulia nini kwenye wimbo wa Kiingereza? Wangu alilala fofofo, kaja kuamshwa na mbwa mwitu.

Mnyanyembe_Halisi (Tabora)
Nyimbo sina neno nazo. Nimeshtushwa na zimwi. Zimwi linameza watu. Yule wa kwenye katuni ni mtu aliyelogwa, anakula supu mezani, ana maktaba. Zimwi gani lina maktaba? Ndiyo taabu ya Kiswahili cha Kigoma, mwisho wa reli, kinafika huko kimeshachoka na safari.

DagaaWaKibirizi
Weee! Kimechoka na safari? Haya wewe ambaye hukuchoka, ungeliitaje?

Mnyanyembe_Halisi
Dubwana. Mama mwenyewe kaandika dubwana, kwa hiyo hata kwenu wapo wanaojua.

DagaaWaKibirizi
Dubwana ni kitu kikubwa tu. Lori ni dubwana, shangazi yangu akivaa kanga mbili ni dubwana. Zimwi ndilo lenye habari ndani yake. Na wahenga walishasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Maana yake lipo zimwi la kujuana nalo, na hiyo ndiyo sinema nzima.

DadaWaKasulu
Mnabishana jina. Hakuna anayeuliza kwa nini tunawakalisha mabinti wetu kwenye benchi waangalie msichana aliyefungiwa ndani, halafu anampenda aliyemfungia? Hilo lizimwi liitwe hata Juma, tatizo langu liko palepale.

FundiGungu
Dada, ni katuni. Kuna mabirika yanaongea humo.

MzeeWaUrasimu
Mimi nauliza, hicho kibanda kina kibali? Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, huwezi kufungua ukumbi ukaonyesha picha unavyojisikia. Na hiyo ni mali ya Disney.

DagaaWaKibirizi
Umetumwa? Hao Disney ni walewale waliosajili "Hakuna Matata" kule Marekani kama alama yao ya biashara, mwaka 2003. Maneno ya bibi yangu. Waje Mwanga tupige hesabu, nani anamdai nani.

BiMawese (Ujiji)
Mimi mtu mzima, niruhusuni. Neno zimwi ni sahihi, na hadithi ya zimwi bila wimbo sijapata kuisikia. Hamkuhadithiwa ya mtoto wa kwenye ngoma? Binti kaenda majini na wenzake kuokota makombe. Kaliacha moja zuri juu ya mwamba, wanarudi ndipo anakumbuka, wenzake wakakataa kumsindikiza. Akarudi peke yake huku anaimba ili asiogope. Zimwi limekaa pale. Likamwambia, sauti yako nzuri, imba tena, sogea. Akaimba, likamdaka, likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi. Likawa linatembea kijiji hadi kijiji, linapiga, mtoto anaimba humo ndani, watu wanastaajabu ngoma gani hii, wanalilisha kuku na wali. Siku ya siku likafika kijijini kwao. Mama yake kusikia tu ile sauti akajua. Likanyweshwa pombe mpaka likalala, mtoto akatolewa, ngoma ikajazwa nyuki. Wengine wanasema nyoka, bibi yangu alisema nyuki.

Sasa mpeni huyo mwenye rimoti hadithi hiyo. "Hapa mtoto anaimba, twende kwenye nyuki." Mama angemjua mwanawe kwa kitu gani?

ReliYaKati
Shikamoo Bi Mawese. Ila hiyo ni hadithi ya pwani, makombe yapo baharini. Huku Kigoma binti angeokota nini?

BiMawese
Marahaba. Mwanangu, umewahi kuinama ufukweni kwetu au unaoga tu na kuondoka? Ziwa Tanganyika lina konokono wenye magamba mazito, yenye miiba na mapindopindo, Wazungu walipoyaona wakadhani ni ya bahari. Usilidharau ziwa.

Mnyanyembe_Halisi
Hadithi ni ya pwani, Bi, na ilipitia kwetu kabla ya kufika kwenu. Kama kila kitu. Reli Tabora ilifika 1912, Kigoma 1914. Miaka miwili ile mlikuwa mnaongea kwa ishara?

DagaaWaKibirizi
Soko la Ujiji lilikuwa linasema Kiswahili kabla Mjerumani hajajua bara liko upande gani. Stanley kamkuta Livingstone hapa 1871. Hapa. Siyo Tabora.

Mnyanyembe_Halisi
Alikotoka Stanley ni wapi? Kwihara, Tabora, alikaa kwetu miezi. Na walipomaliza kusalimiana huko chini ya mwembe wakarudi wote wawili kwetu, Livingstone akakaa Kwihara mpaka Agosti 1872. Angekuwa anaelewana na watu wa Ujiji angebaki.

DagaaWaKibirizi
Alifuata maembe yenu, hakuna kingine huko.

MamaWawili
Jamani. Nyimbo.

Mnyanyembe_Halisi
Nyimbo zinakuja. Tunazungumzia kutafsiri, na Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, ndiye aliyemtafsiri Shakespeare. Kwa hiyo shule ya kutafsiri iko upande gani wa reli, mnajijibu wenyewe.

MwalimuMstaafu
Kijana, umeshika kisu kwenye makali. Nyerere huyohuyo mwaka 1969 katoa Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara, tena mmoja. Yeye kaweka mabepari, na wengi. Hakukosea, alitoa hukumu yake humo humo kwenye jina. Mtafsiri wa kibandani akisema zimwi naye katoa hukumu yake.

Na kwa kuwa mmenitoa usingizini: hadithi yenyewe ni ya Ufaransa. Bi Villeneuve aliiandika ndefu sana mwaka 1740, Bi Beaumont akaifupisha mwaka 1756. Kwa Beaumont baba ni mfanyabiashara aliyefilisika, ana watoto sita, wa kiume watatu na wa kike watatu, na yule mdogo aliomba waridi tu. Disney wakaja, wakafuta ndugu wote watano, baba wakamfanya mvumbuzi. Kila mhadithiaji anakata. Sasa mnamlaumu wa Mwanga kwa nini?

BiMawese
Walikata ndugu, Mwalimu. Wimbo waliongeza.

FundiGungu
Halafu mnasema kuchorwa kwa mkono, kuchorwa kwa mkono, mambo yale ni kompyuta tu.

MchoraMabango_Tbr
Hapana kaka, hapo umenigusa, mimi brashi ndiyo inanilisha. Sinema ina dakika 84. Kila sekunde fremu 24. Piga mwenyewe: karibu fremu 121,000. Siyo kila fremu ina mchoro mpya, mara nyingi mchoro mmoja unashika fremu mbili. Lakini fremu moja ina binti, ina dubwana, ina birika, na kila mmoja na karatasi yake. Mtu kakaa anachora kunyanyua mkono tu, mkono unapanda, karatasi baada ya karatasi. Kompyuta ilitia rangi, ni kweli. Na ilitengeneza ule ukumbi wa dansi, nguzo na taa ya dari, ili kamera iwazunguke wale wawili huku wao wamechorwa kwa mkono. Mimi nilirudisha nyuma kipande kile siku nzima kutazama gauni linavyogeuka.

Ndicho kipande mlichosogeza mbele. Kwa rimoti.

ReliYaKati
Ndiyo maana ilichukua Oscar ya filamu bora.

MchoraMabango_Tbr
Haikuchukua, iliteuliwa. Katuni ya kwanza kuteuliwa filamu bora. Ilizochukua ni mbili, zote za muziki, na mojawapo ni ya wimbo uleule wa birika. Aliyeandika maneno yake, Howard Ashman, alifariki Machi 1991, sinema ikatoka Novemba.

MamaWawili
Hili la Ashman sikulijua. Sasa nimekasirika upya.

DadaWaKasulu
Tumejua idadi ya karatasi, tumejua Livingstone alihama lini. Swali langu hakuna aliyeligusa.

DJ_Mwenyewe
Wazazi wangu, dada zangu, mada hii nimeletewa na watu watatu tangu jana, wa mwisho ni mke wangu. Mtafsiri ni mimi.

Zimwi: nilisema zimwi kwa sababu watoto walinyamaza. Jaribuni dubwana mkiwa na maiki mkononi muone, wanacheka.

Nyimbo: ukweli maneno yake siyashiki. Mazungumzo nayaweza, sinema naiangalia nyumbani mara tatu nne kabla sijaja. Lakini kwenye wimbo wanakwenda mbio, ule wa mwanzo kijiji kizima kinaimba kwa mpigo, muuza mikate na lake, kinyozi na lake. Nikitafsiri nabaki nyuma. Nikinyamaza, benchi la nyuma wanapiga kelele, "DJ kalala!" Na saa tano lazima skrini niiachie, kuna mechi, na mechi ndiyo inalipa umeme. Rimoti siipendi kuliko ninyi.

La mwisho, yule anayesema Kiswahili changu kimechoka na safari. Mimi mzaliwa wa Urambo. Mkoa wa Tabora.

DagaaWaKibirizi
😂😂😂😂 Leka dutigite, acha tujidai! Mnyanyembe uko wapi baba?

DagaaWaKibirizi
Nauliza tena, Mnyanyembe yuko wapi?

Mnyanyembe_Halisi
Nipo. Urambo siyo Tabora mjini. Tena huyo amekaa kwenu miaka mingapi? Chuma kikikaa majini kinaota kutu.

DJ_Mwenyewe
Miaka mitatu, kaka. Nilikuja na Kiswahili chetu kwenye begi.

BiMawese
DJ mwanangu, sikiliza. Sisi tukihadithia hatuanzi kuimba ghafla. Unawaambia kwanza: sasa binti anaingia ukumbini, amevaa gauni la dhahabu, birika linasema mapenzi ni ya zamani kama jua. Maneno mawili matatu. Halafu unanyamaza, wimbo unapita. Benchi la nyuma likipiga kelele, wape kiitikio cha kushika. Watu wanapiga kelele wakiwa hawana kazi ya kufanya na midomo yao.

DJ_Mwenyewe
Kiitikio cha Kiingereza, Bi?

BiMawese
Cha kwako. Hata "laa, laa". Ile ngoma ya zimwi ilikuwa na maneno mangapi?

MwalimuMstaafu
Hapo nakubali. Ila ule wimbo wa kijiji upunguzwe, unachosha.

MchoraMabango_Tbr
Mwalimu!

MamaWawili
DJ, samahani kwa kukuanika, sikujua uko humu. Na dada wa Kasulu, mimi nakujibu, nimechelewa. Nilimuuliza binti yangu mkubwa, ana miaka tisa, kwa nini yule msichana alimpenda zimwi. Kasema, "Si alimfungulia mlango aende kwa baba yake mgonjwa, mama. Asingemfungulia asingerudi."

DadaWaKasulu
Alimfungulia baada ya kumfungia. Mwambie mwanao hilo pia.

MamaWawili
Nimemwambia. Kasema anajua, ndiyo maana mwanzoni alikataa kula naye.

DadaWaKasulu
Sawa. Mtoto ana akili. Mimi bado sijaridhika.

FundiGungu
Kasulu napo mna kibanda cha asubuhi?

DadaWaKasulu
Usinitoe kwenye mada.

DJ_Mwenyewe
Basi Jumamosi naiweka tena ileile, nyuma ya mgongo wa mwenye kibanda nitaanza saa tatu na nusu ili tuwahi mechi. Dansi sisogezi, wala siongei. Wimbo wa wanaume wa baa siahidi.

Mnyanyembe_Halisi
Na utaliitaje?

DJ_Mwenyewe
Zimwi.

FundiGungu
Saa tatu na nusu? Wangu atalala tangu jina la sinema.